Mkuki wa Baba Haulazwi

Kaka zangu wana majumba, lakini mkuki wa kurusha baba aliniachia mie, mpangaji wa chumba kimoja Kimara. Kwetu mkuki haulazwi ila siku mwenyewe amekufa, na huu unagusa dari kabla haujanyooka. Nikauegemeza ukakata chumba kati, nikawa nainama kila nikipita. Asubuhi moja nikachoka, nikautupa kitandani, nikaenda kazini.

Siku hiyo mama akaja kunitembelea bila taarifa. Mwenye nyumba alipomfungulia, mama akauona mkuki umelala, akaangua kilio. Niliporudi, majirani walikuwa wameshatandika mikeka, wananililia.

Mama aliniona mlangoni, mzima. Wala hakunikumbatia. Alifuta machozi, akasema, “Kausimamishe.”

Umesimama mpaka leo. Anayelala amejikunja ni mie.