Ndevu za Mtawala wa Saksonia

Nabhan alizaliwa Deira, Uarabuni, kwa wazazi waliotoka Unguja, na mpaka anafika miaka arubaini hakuwahi kumiliki kitu kilichomzidi mama yake umri. Kazi yake ilikuwa kutunza vya wenziwe. Arbab wake, yaani tajiri aliyemwajiri, mfanyabiashara wa Al Rigga, ndiye aliyeishika viza yake, ambayo bila hiyo hana ruhusa ya kuishi nchini, na alikuwa na maradhi ya kukusanya sarafu za kale za fedha za madola ya Kijerumani: taler nzito, zilizopigwa zama ambazo kila mtawala mdogo wa huko alikuwa na mgodi wake na sura yake ya kuitangaza.

Alhamisi arbab alimkabidhi moja ya Saksonia, ya karne ya kumi na sita. Mtawala mwenye ndevu, upanga begani.

"Jumamosi ipeleke kwa mthamini. Usiifute hata vumbi."

Nabhan hakuifuta. Aliiweka juu ya kabati, katika chumba anamosalia mama yake, Bi Masuda, kwa kuwa humo haingii mtu mwingine.

Ijumaa, aliporudi msikitini, aliikuta kwenye mkeka wa chakula, inang'ara. Ndevu hazipo, macho hayapo. Upanga umelalia bega lisilo na mwenyewe.

"Nani kaifanya hivi?"

"Mimi, mwanangu. Nimempelekea sonara wa Al Ras, kaisugua. Malaika wataingiaje humu, na jitu lile lanikodolea macho kila nikirukuu?"

"Na upande wa pili?"

"Kulikuwa na simba. Simba naye ana macho."

"Mama, si yangu."

"Basi mwenyewe atashukuru. Kwani yeye si Muislamu?"

Nabhan aliiokota sarafu. Neno lolote lingemfanya wakili wa masanamu mbele ya mzazi wake, tena siku ya Ijumaa. Akampigia arbab, akaeleza. Arbab akasema: "Nipe mama yako."

Wakazungumza Kiarabu kirefu chenye dua ndani yake, arbab akimwita khalati kama mama mdogo wake wa damu. Bi Masuda akarudisha simu, uso umemkunjuka.

"Mtu ana adabu zake yule."

"Mama yako ana haki," arbab alimwambia Nabhan, kwa upole uleule. "Kwake sina neno. Wewe Jumatatu usije. Viza, khalas, imekwisha."

"Kasemaje?" aliuliza Bi Masuda, akimpakulia pilau.

"Anakusalimu."

"Nilijua. Kula, mwanangu, chakula chapoa."