Mafuta Meusi ya Anastasia

Watu wanaosema wazee wetu hawakujua kitu huwa nawaacha waseme, maana nikianza kuwajibu nitatukana. Mama yangu, Anastasia, aliishia darasa la nne kwenye shule ya misheni kule kwao Newala, na bado aligundua kwa macho yake mwenyewe kitu kinachoua mbu wa chooni. Hakuna aliyemfundisha. Hakuna aliyemshukuru pia, lakini hilo nitalifikia.

Alikuwa mbanguaji katika kiwanda kimoja cha korosho. Tulikaa Temeke, vyumba viwili vya kupanga, na kila siku alitembea nusu saa kwenda kazini na nusu saa kurudi. Kazi yenyewe ni kukaa chini na kirungu, unagonga korosho moja moja mpaka ganda lipasuke bila kuvunja punje ya ndani. Ganda lile lina mafuta meusi yanayounguza. Wanawake walijipaka majivu na mafuta ya nyonyo kabla ya kuanza, lakini vidole viliungua vilevile. Vya Mama vilikuwa vyeusi, vinabambuka, na akinishika shavu nilisikia mikwaruzo.

Nyuma ya kiwanda palikuwa na mtaro, na mafuta ya maganda yaliyokuwa hayatakiwi yalimwagwa humo. Masika ya mwaka 1971, Mama alikwenda kule kunawa, akaona jambo. Kila dimbwi la Temeke wakati ule lilikuwa linachezacheza kwa viluwiluwi vya mbu. Mtaro ule ulikuwa umejaa maji ya mvua, na haukuwa na kiluwiluwi hata kimoja. Mtu mwingine angenawa akaenda zake. Yeye alichuchumaa akatazama mpaka msimamizi akaja kumfokea.

Alikuwa na sababu ya kutazama. Tuliishi na mjomba Kasimiri, kaka yake, mchonga vinyago. Mjomba alikuwa na matende. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mnene kuliko kiuno changu, na wateja walipokuja alikuwa akiufunika kwa kanga ya Mama ili wanunue kinyago kwanza kabla ya kushtuka. Majirani walikuwa na maelezo yao. Huyu alisema ni madafu, yule alisema mjomba amekanyaga dawa iliyotegewa mtu mwingine. Mganga wa zahanati ndiye aliyemwambia Mama ukweli bila kuzunguka: ni mbu, hasa wale wanaozaliana kwenye mashimo ya vyoo. Anamuuma mgonjwa, kisha anakuja kumuuma mzima. Siku ile Mama alirudi nyumbani akamtazama mjomba, halafu akanitazama mie, mtoto wake wa pekee, na chandarua chetu kimoja kilichotoboka. Tangu hapo alikuwa akihangaikia kitu kimoja tu, kwamba mguu wangu usije ukawa kama ule.

Akaanza kuja na yale mafuta nyumbani, kidogokidogo, kwenye kopo la maziwa ya unga. Mlinzi wa getini alimwona na hakujali, nani anajali uchafu? Mama alichota kwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu ili yasimrukie, akamimina shimoni kwetu. Yalitanda juu ya maji. Baada ya siku nne nilikwenda chooni asubuhi, nikafunua kifuniko, na lile wingu lililokuwa likinipanda usoni kila siku halikutoka. Nilimwita Mama kwa kelele kana kwamba nimeona nyoka.

Majirani wakaja kuona, wakaomba na wao. Ikawa kila baada ya Jumapili mbili, akitoka misa, Mama anazunguka nyumba kwa nyumba na kopo lake na kata yake. Alijua kipimo: kata moja kwa shimo la kawaida, mbili kwa shimo lililojaa, na mvua ikinyesha sana unarudia. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Polikarpo, mwanzoni alilalamika harufu. Alipoona mbu wamepungua, akawa anasimama kwenye mikutano ya tawi na kusema, "Sie kwenye nyumba kumi zetu tumeanzisha mpango." Mama alicheka tu. Hakutaka sifa, alitaka mafuta.

Kosa lilianza na matumaini. Ule ulikuwa wakati ambao wafanyakazi waliambiwa kiwanda ni chao, waseme, waulize, wasiogope meneja. Wengi walisikia wakatikisa vichwa. Mama aliamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba aliamini kama mtoto. Alisimama kwenye mkutano wa kamati ya wafanyakazi akaomba mafuta yanayomwagwa yatolewe rasmi, yagawiwe mitaani. Kopo la maziwa linatosha nyumba kumi, alisema, je pipa zima? Walimpigia makofi. Kamati ikampelekea meneja, na meneja akasema sawa, lakini kwanza aje mtaalamu athibitishe. Wakati wa kusubiri, Mama aliambiwa asichukue tena bila kibali. Akatii.

Mtaalamu alikuja kweli. Jina lake Adelard, kijana wa Bukoba mwenye miwani, mpole, alimwamkia Mama shikamoo mbele ya watu na kumwita mwalimu wake. Alichagua vyoo kumi mtaani kwetu, akaviandika namba za chaki mlangoni. Vitano Mama avitie mafuta, safari hii kwa ruhusa ya meneja. Vitano visitiwe kitu. Baada ya wiki tatu atakuja na bakuli jeupe, atachota maji ya kila shimo na kuhesabu viluwiluwi. Tofauti ikionekana, ataandika, na kibali kitatoka. Alimweleza mzee Polikarpo taratibu, mara mbili:

"Hivi vitano, mzee wangu, msiviguse kabisa. Viacheni na uchafu wake."

"Tumekuelewa, ndugu mtaalamu," alisema balozi. Na nadhani alielewa maneno. Asichoweza ni kuvumilia maana yake, kwamba mgeni kutoka ofisini, aliyekuja kwa Land Rover, aje mtaani kwake aonyeshwe uchafu kwa makusudi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mama alikwenda kazini asubuhi, kwa kuwa mtaalamu alikuwa anampitia kiwandani saa sita waje pamoja. Alipopinda tu kona, mzee Polikarpo akapuliza filimbi ya msaragambo, kuita mtaa mzima kwenye kazi ya pamoja. Watu wakatoka na majembe, mafagio na ndoo. Balozi alikuwa amejipanga, madebe mawili ya oili chafu kutoka gereji ya Keko na magunia matatu ya chokaa.

"Jamani, leo tuna ugeni," alitangaza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Sitaki aone hata funza."

Mjomba Kasimiri alijikokota mpaka mlangoni akasema, "Mzee, si tuliambiwa vile vitano tusiviguse?"

"Wewe kaa na mguu wako, Kasimiri. Hatuwezi kumpa mgeni aibu."

Na watu walifanya kazi, jamani. Sijawahi kuona mtaa ukifanya kazi vile. Oili chafu ikamiminwa kwenye vile vyoo vitano, chokaa juu yake, mashimo yakakorogwa, madimbwi yakafukiwa kwa mchanga. Wanawake waliimba. Mie mwenyewe, miaka kumi, nilibeba chokaa kwenye beseni mpaka nywele zikawa nyeupe, nikaona fahari, nikijua Mama atafurahi kukuta mtaa unang'aa kwa ajili ya mgeni wake. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya siku ile. Kama angekuwepo mmoja ningemchukia yeye, nikapumzika.

Mama aliposhuka kwenye gari alisimama. Aliona chokaa mlangoni mwa choo namba saba, akaona namba nane, akaweka mkono mdomoni. Adelard alichota kwenye bakuli lake jeupe, shimo la kwanza mpaka la kumi. Vyoo vya Mama havikuwa na kiluwiluwi. Na vile vitano vingine navyo havikuwa na kiluwiluwi.

"Mbona kuna chokaa na oili humu?" aliuliza.

"Ndivyo tunavyoishi sie, ndugu mtaalamu," alijibu balozi. "Mtaa huu ni msafi siku zote."

Mama akasema si kweli, wamemwaga leo. Adelard akawageukia watu. Majirani wote, wale waliokuwa wakimpisha Mama na kopo lake kila baada ya Jumapili mbili, waliangalia chini. Kumkana balozi mbele ya mgeni? Nani angeanza? Mjomba alisema kwa sauti kwamba dada yake anasema kweli, ila alikuwa ndugu wa damu, na ndugu si shahidi.

"Mama yangu, mie nakuamini," Adelard alisema kwa sauti ya chini. "Lakini naandika nilichohesabu. Nitarudi baada ya masika, tuanze upya."

Hakurudi. Mwaka ule serikali ilihamishia madaraka mikoani, na watumishi wengi wakapangiwa kazi upya. Yeye alipelekwa mbali. Kilichobaki kiwandani ni karatasi yake yenye mstari mmoja uliosomwa kwa sauti kwenye kamati: hakuna tofauti iliyoonekana. Meneja akasema basi, tumemsikia mtaalamu. Isitoshe, mafuta yale yalikuwa yameshapata mnunuzi nje ya nchi. Mtaro ukazibwa, yakaanza kutiwa kwenye mapipa. Uchafu ukawa mali ya umma kwa siku moja.

Jioni ya ile Jumamosi Mama alikuwa amemfuata mzee Polikarpo barazani kwake.

"Kaka Polikarpo, umenifanyia nini?"

"Nimekufanyia nini?" Alishangaa kweli, hakuigiza. "Nimekuheshimishia mgeni wako. Ulitaka aende akasimulie kwamba sie tunaishi na funza?"

Mama aligeuka akarudi nyumbani. Yule mzee alikuwa anasubiri aambiwe ahsante.

Alijaribu tena kwa siri, mara moja. Mlinzi yuleyule ambaye zamani hakujali alinusa kopo, akaita watu. Kamati ileile iliyompigia makofi ikakaa kumjadili kwa wizi wa mali ya umma. Walimpa nafasi: aombe radhi mbele ya wenzake wote au aache kazi. Mjomba alikuwa hawezi tena kukaa muda mrefu kuchonga, na mie nilikuwa darasa la tatu. Mama alisimama juu ya kreti, akaviweka vile vidole vyake vilivyobambuka nyuma ya mgongo, akasema, "Nimekosa, ndugu zangu. Sitarudia." Shoga yake aliyekuwepo ndiye aliyenisimulia. Mama mwenyewe hakuwahi kulitaja.

Oili ya balozi iliisha na ile Jumamosi yake. Mvua zilipokuja mbu walirudi, na kifuniko cha choo kikawa tena cha kufunuliwa huku umefumba macho. Majirani walimuuliza Mama mbona kaacha kuzunguka, mtu akisema hivyo bila haya yoyote, na yeye akijibu kwamba mafuta yamekwisha. Mjomba Kasimiri alifariki mwaka 1977. Mzee Polikarpo ndiye aliyesimamia msiba, akahimiza michango, akapanga watu wa kuchimba kaburi, na alilia.

Mguu wangu ulianza kuvimba mwaka 1980. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mwanzo ulikuwa unavimba jioni na kushuka asubuhi, nikajidanganya ni viatu. Halafu ukawa haushuki. Nilimficha Mama miezi miwili, nikivaa gauni refu, mpaka siku moja akaniona natoka kuoga.

Alichota maji, akachukua sabuni ya mche, akanikalisha kwenye kigoda na kuanza kuuosha kama mganga wa zahanati alivyomfundisha kuosha wa mjomba, kidole kwa kidole, katikati ya ngozi, taratibu.

"Felicitas," alisema, "unajua kosa langu lilikuwa nini?"

"Hukuwa na kosa, Mama. Ni yule mzee."

"Polikarpo ni mjinga tu. Mie nilikuwa na mafuta, nilikuwa na kata, na mlinzi alikuwa hanijali. Nikaenda kuomba ruhusa."

Akaukausha mguu wangu kwa kitambaa, akauweka chini. Kisha akauvuta ule mwingine, ambao ulikuwa bado mzima, akaanza kuuosha.