Mfagiaji wa kanisa na sururu ya Machage

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajashika ufagio, Bernadetha Waisiko anazunguka nyuma ya ukuta wa altare, anasimama, anashika kiuno. Shimo liko wazi tena.

"Huyu mtu hachoki, jamani?" anasema, huku akichukua koleo. "Jana nimefukia hapa mpaka mgongo ukanigoma."

Bernadetha, 58, ni mfagiaji wa kigango kimoja cha Nyambureti, wilayani Serengeti. Kwa mwezi hupewa shilingi 30,000 zikipatikana. Zisipopatikana hupewa mahindi. Kufukia mashimo hakukuwamo katika makubaliano.

Balaa lilianza dhahabu ilipoonekana korongoni, ng'ambo ya kanisa. Wachimbaji wakavumisha kwamba mkanda wake, yaani mwamba wenye dhahabu, unapita chini ya altare. Nani aliupima? Hakuna. Lakini ukuta umeshapata ufa unaopitisha mkono, na mvua za vuli zinakaribia. Ukuta ukianguka, paa nalo halitabaki.

Mhusika anajulikana. Ni Machage, mwimba besi wa kwaya, ambaye kila Jumapili husimama kando ya ufa huohuo akimsifu Mungu kwa sauti nene, uso mkavu kabisa. Mwenyekiti wa kigango, Mzee Kornelio, anataka atengwe, kisha apelekwe polisi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," anasema mzee huyo.

Bernadetha hakubali. "Tukimfukuza, atachimba kwa hasira. Sasa hivi angalau anachimba kwa aibu. Aibu naiweza."

Machage akisikia mlango wa kanisa unafunguliwa hutimua mbio, akiiacha sururu shimoni. Bernadetha hufukia, huiosha sururu, kisha huipeleka nyumbani kwa Machage mchana kweupe, mbele ya mkewe Gati na watoto. Humwambia kwa upole: "Baba, umesahau chombo chako kanisani."

Mara ya kwanza Machage alishukuru, akachimba tena. Mara ya pili akashukuru, akachimba tena. Ikafika siku Bernadetha akalia njia nzima.

"Mimi si malaika. Nilitamani nimrushie nayo," anakiri. "Nikameza mate, nikabisha hodi."

Leo kabla Bernadetha hajamaliza kufukia, Machage mwenyewe anatokea, amenuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umefuata sururu?"

"Mama, umenichosha! Gati ananiwekea ugali mlangoni, anasema mwizi wa kanisa hali na wanawe. Watoto nao kila siku, 'Baba, leo umesahau nini?' Lete hilo koleo."

Anafukia, anashindilia kwa miguu, anaahidi kuja kesho kuziba ufa kwa saruji. Bernadetha anamtazama bila kutabasamu. Ahadi za Machage si ngeni kwake.

Ndiyo maana ana mpango wake. Kigango hakina choo, na waumini hujisitiri vichakani, wazee kwa watoto. Anamwongoza Machage hadi mwisho wa uwanja, mbali na ukuta, alikochomeka kijiti.

"Mkono ukikuwasha, chimba hapa. Futi kumi na tano."

Machage anakitazama kijiti. Anainama, anachota udongo, anausugua kiganjani. Uso unamchangamka.

"Mama, kwani na huku mkanda unapita?"

Bernadetha anafumba macho, anashusha pumzi, anamkabidhi sururu.

"Chimba, utajua."