Chenye Roho Hakihesabiwi

Mwalimu aliniita shuleni, akanieleza bila kuzunguka. "Mama, mtoto wako hesabu za mafumbo haziwezi kabisa. Mtihani ni Ijumaa. Akiendelea hivi, darasa la pili atalirudia."

Nilirudi nyumbani, hapo hapo Igawa. Mimi nimezaliwa Mafinga, kwa watu wa mbao, wapimaji na wauzaji. Kwetu mtoto anajua kuhesabu kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Aibu hii imetoka wapi? Nilijijibu mwenyewe: upande wa baba yake, wapi kwingine.

Jioni, mdogo wake alipolala, nilimmwagia maharage mezani. Nane, toa tatu. "Tano." Sita, jumlisha saba. Akayasogeza kwa kidole. "Kumi na tatu." Nikampa hesabu za viazi na za ndoo za maji, zote akapata. Nikaanza kumsema mwalimu kimoyomoyo.

Kisha nikafungua daftari lake la shule. Ng'ombe sita, wawili wamekufa, wamebaki wangapi? Patupu. Wanafunzi tisa, wakaja wengine wanne? Patupu. Chochote chenye pumzi hakukigusa.

"Bibi kasema chenye roho hakihesabiwi," akaniambia. "Ukihesabu, wanapungua."

Bibi ni mama mkwe wangu. Wao ni wafugaji, walihamia bonde la Usangu kutoka kaskazini, na likizo zote mtoto huzimalizia huko. Ng'ombe wakirudi zizini hakuna anayewanyooshea kidole. Bibi anawatazama tu, na asiyerudi anamjua kwa rangi na pembe zake. Siku zote mambo hayo yalinichekesha. Siku ile yalinipandisha hasira.

"Ya zizini yaache zizini," nikamwambia. "Hawa ni ng'ombe wa daftari, hawana roho. Andika!"

Akaandika nne, akaifunika kwa kiganja. Kwenye wanafunzi akaandika kumi na tatu. Nikashusha pumzi.

Likabaki fumbo la mwisho. Mama ana watoto wawili. Akijifungua mwingine mmoja, atakuwa na watoto wangapi?

Akaweka penseli chini. "Hili siandiki."

"Kwa nini, mwanangu? Si umeandika ya ng'ombe?"

Alilitazama tumbo langu. Lilikuwa la miezi saba. "Ile ya mwaka jana nilihesabu, mama," akasema. "Nilimwambia mdogo wangu tutakuwa watatu."

Mimba ya mwaka jana iliharibika. Hatukumweleza kitu, tukidhani kwa umri wake hajaelewa. Kumbe muda wote ule mwanangu alikuwa anajiona ndiye aliyesababisha, na mimi nahangaika na maharage.

Nilimvuta kifuani. Nikamwambia si yeye, hata kidogo. Nikamwambia mama aliumwa, na mtoto hapotei kwa kuhesabiwa. Nililia, lakini kila neno nililisema kwa kumaanisha. Kisha nikamfuta machozi, nikamrudishia penseli mkononi.

"Haya, tuseme wote. Wawili, jumlisha mmoja..."

Alinitazama mdomoni, akingoja nianze mimi. Jibu lenyewe la darasa la kwanza, nilikuwa nalo. Nikahisi mtoto akigeuka tumboni, nikaweka mkono pale, na mimi, binti wa watu wa mbao, ulimi ukagoma.