Tundu Nililomwonyesha Baba

Baba yangu alikuwa fundi bati, na kwa miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Makandana nzima, mtaa wetu hapa Tukuyu, hakuna aliyejua. Wateja walimwona ameinamia jiko la mkaa, chuma cha kulehemu mkononi, wakajua fundi yupo kazini. Hawakujua kwamba kabla hajagusa bati lolote, mimi nilikuwa nimeshamwekea kidole chake pale panapotakiwa risasi ya kuzibia. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Mtu akitokea mlangoni, nilimwahi: “Karibu, mwalimu,” au “Karibu, mama mchungaji,” ili Baba ajue anaongea na nani.

Nilichoka, niseme tu ukweli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kidato cha nne nimemaliza, Mama ameshatangulia mbele ya haki. Kaka zangu wawili walikuwa Tunduma na biashara zao, kurudi kwao ni Idi kwa Idi, na Idi nyingine tuliwangoja mpaka pilau likapoa. Nilikuwa nimeomba nafasi chuo cha uuguzi, mkoa mwingine kabisa, bila kumwambia Baba. Kila Ijumaa nilikimbia posta kuulizia barua, nikiomba iwepo, na nikiomba isiwepo.

Kazi yenyewe ilikuwa inatufia mikononi. Enzi zile bidhaa zilipokuwa hazipatikani, Baba alikuwa mtu mkubwa: koroboi, ndoo, mikebe ya maziwa, mifereji ya kukingia mvua, na Tukuyu mvua haina likizo. Ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Soko likajaa ndoo za plastiki za kila rangi, na yule aliyekuwa analeta ndoo yake izibwe akawa anaitupa. Kilichobaki kwa Baba kilikuwa jina, kwamba chombo alichokiziba yeye hakivuji tena. Hilo jina ndilo lililokuwa linamwinua kitandani alfajiri, na mimi ndiye niliyekuwa nimelishikilia.

Ndilo pia lililomleta mzee mmoja wa Bulyaga, mfanyabiashara wa ndizi, na tangi la gari lake.

Gari lilikuwa la spoti, la Kiingereza, la zamani, viti viwili, jekundu, halina paa ila turubai. Mzungu wa mashamba ya chai aliliuza alipokuwa anaondoka, na mzee akalinunua. Watu walimcheka, gari la kuburuza tumbo katika tope letu hili. Hakujali. Alilifuta kila asubuhi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mvua zetu zilikuwa zimelila tangi kwa chini, petroli inadondoka, na tangi jipya la gari kama lile hulipati Mbeya wala Dar es Salaam.

Tuliliosha kwa maji ya moto na sabuni siku tatu, maana petroli ikibaki ndani ukaweka moto, utasomewa hitima. Baba akaziba chini yote. Siku ya nne, Ijumaa, tukalipima. Mdomo wa kujazia tuliuziba kwa mpira wa tyubu, mimi nikapuliza kwa bomba la kutolea petroli, nikapaka povu la sabuni kila mahali na kutazama. Chini, kimya. Juu, kwenye kona, povu likaanza kuchemka.

“Hapa panavuja, Baba.”

Nikamwekea kidole. Alikizungusha pale muda mrefu, mpaka nikaanza kukasirika.

“Hapa mbona kama kuna mdomo,” alisema. “Kama bomba lililovunjika.”

“Ni kutu tu. Ni tundu.”

“Tazama vizuri, mwanangu.”

“Nimetazama, Baba. Ni tundu.”

Sikuwa nimetazama. Posta ilikuwa inakaribia kufungwa. Baba akaziba, na risasi ikakaa pale laini, safi, kazi ya kupendeza. Nikakimbia posta, na barua ilikuwepo. Nimepata nafasi, masomo yanaanza baada ya wiki sita. Niliificha chini ya godoro. Unamwambiaje mtu ambaye macho yake ni wewe kwamba unaondoka?

Wiki tatu baadaye mzee akarudi, uso umemsawijika. Gari linazima njiani. Linawaka vizuri, linakwenda kama robo saa, halafu linakohoa na kufa. Fundi magari alikuwa amefungua kabureta, amebadili chujio, amesafisha plagi, amelaumu petroli kwamba ina maji. Mwisho akalaumu tangi, kwamba labda risasi imedondokea ndani ikaziba bomba.

“Risasi yangu haidondoki ndani,” alisema Baba.

“Basi twende ukalisikilize mwenyewe, fundi.”

Nilijua Baba anawaza nini. Kupanda gari geni mbele ya watu, ashike wapi, akanyage wapi? “Nenda na binti,” akasema. “Ana macho mazuri huyu.”

Nikaingia. Mlango wa upande wangu ulikuwa haufunguki kwa ndani, mpaka mtu azunguke aufungue kwa nje. Tukashika njia ya Lufingo, mvua inapenya kwenye turubai na kunidondokea shingoni. Kwenye kilima, katikati ya chai, gari likakohoa, likafa.

Mzee hakuhangaika hata kufungua boneti. “Tukae,” alisema. “Likipumzika linawaka lenyewe.” Wachuma chai wakatutazama, mimi na ushungi wangu nimekaa na mzee wa watu kwenye gari jekundu, nikatamani ardhi inimeze. Baada ya muda kweli likawaka, tukasogea kidogo, likafa tena.

Hapo ndipo kitu kikanijia. Baba alinifundisha nikiwa mdogo kwamba debe la mafuta ya taa likiwa na tundu moja linamimina kwa kwikwi, na mwishowe linakataa. Lazima utoboe la pili, dogo, juu, hewa iingie mafuta yatoke.

“Mzee,” nikasema, “hebu kafungue mfuniko wa tangi.”

Akashuka na mvua yake. Niliisikia kabla hajamaliza kuuzungusha: fyuuu, pumzi ndefu ya kuvuta ndani. Akarudi, akawasha, gari likaitika papo hapo. Lilipozima tena mbele, nikamwambia auache mfuniko umelegea. Tukafika Lufingo na kugeuza bila kukohoa hata mara moja.

“Lilikuwa linakosa hewa,” alisema mzee, amefurahi, halafu furaha ikamtoka. “Lakini kabla ya kuzibwa halikuwa hivi. Mzungu alinionyesha kabisa, kuna kibomba cha pumzi pale juu.” Akabadili gia. “Baba yako amezeeka, mwanangu. Ningelipeleka Mbeya tu.”

Nikinyamaza, Baba anaonekana fundi asiyejua hata bomba la pumzi, na kesho soko zima litakuwa na habari hiyo. Nikisema ni mimi niliyemwonyesha, ataniuliza kwa nini fundi aonyeshwe tundu na binti yake. Nilishika kitasa cha mlango, najua kabisa hakifunguki, nikakizungusha hata hivyo.

Baba alikuwa amekaa mlangoni. Mzee akanifungulia, nikashuka.

“Umeona nini?” Baba akauliza.

“Lile la juu, Baba. Tuliloziba.”

“Kibomba cha pumzi,” mzee akadakia. “Fundi wewe, miaka yote hii, hukukiona?”

Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Baba aliinua mkono, akaugeuza upande wangu kwa kufuata sauti ya pumzi zangu.

“Sikukiona, bwana,” alisema. “Sioni. Mwaka wa pili huu. Nimeziba kwa upofu wangu, na binti hana kosa.”

Alisema hivyo mlangoni, jirani muuza mahindi akisikia, mikebe na koroboi zetu zikiwa zimening'inia. Miaka miwili ya kuficha iliisha kama mtu anavyotema mbegu ya chungwa. Mzee alivua kofia, akaishika mikononi. “Ndaga, fundi,” akasema, asante, kwa sauti ya chini, akaondoka na mfuniko umelegea.

Kesho yake tangi lililetwa, tukaliosha upya. Baba hakuniomba kidole. Alipapasa mwenyewe mpaka akafika kwenye ile kona, akaegesha chuma cha moto, risasi ikayeyuka, akaifuta kwa kitambaa, kibomba kikabaki wazi. Kisha akapuliza, akasikia hewa inapita.

“Siku ile kidole kiliniambia ni bomba,” alisema bila kunigeukia. “Wewe ukasema tundu. Nikakuamini wewe.”

Nililia. Aliniacha nilie, halafu akauliza, “Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?”

Nikaenda kuitoa barua chini ya godoro, nikamsomea. Akasema nisome tena. Nikasoma tena.

“Nenda,” alisema.

“Na kazi?”

“Si umesikia nimeifanya.”

Neno hilo nilikuwa nimelingoja miaka miwili, na lilipokuja nilitamani anikatalie. Hakunikatalia. Katika wiki zilizobaki hakuna aliyeleta hata koroboi.

Siku ya kuondoka alinisindikiza stendi na fimbo, mara ya kwanza mbele ya watu, na kila aliyemsalimia, Baba alimuuliza, “Nani mwenzangu?” Nikapanda, nikapata kiti cha dirishani. Mabasi mawili yalikuwa yameegeshwa sambamba, yote yanaunguruma. Baba akainua mkono na kupunga, anatabasamu, amelielekea lile lingine.

Miaka miwili kazi yangu ilikuwa kumwambia nani yuko wapi. Nilifungua dirisha nimwite, niko huku, Baba, na sauti haikutoka. Basi letu likaondoka, na yeye aliendelea kulipungia lile lililobaki.