Mizoga Sita ya Kompyuta

Baba yangu mdogo alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa porini, mbali, na mwaka alionichukua mimi badala ya mwanawe nilikuwa sijafika hata darasa la tatu. Shule yenyewe niliiachia darasa la nne, lakini hayo tuyaache. Akaniweka chini ya mti na mwenge wa majani mabichi unaotoa moshi, yeye akapanda. Nikasikia mzinga unaunguruma juu yangu. Hakuna nyuki aliyenigusa siku ile, hata mmoja, ila masikio yaliogopa kabla ya moyo, na nilipojitazama mkojo ulikuwa umeshafika kwenye kisigino. Baba mdogo akashuka na ndoo yake ya asali, akanitazama, akasema, "Vizuri, na moto umeuzima."

Alilisimulia hilo kila msiba na kila harusi mpaka alipokufa. Lakini mimi tangu siku ile kitu kinachounguruma siwezi kukipita. Nakiogopa na nataka kujua ndani kuna nini. Redio ya kwanza ilipofika kilimani kwetu, ya katekista, watu walikaa kusikiliza taarifa ya habari, mimi nikasogea nyuma yake kusikiliza mvumo ule unaobaki pale steshini inapopotea. Ndivyo nilivyokuwa fundi redio. Sikufundishwa na mtu. Nilifungua, nikaogopa, nikafunga, nikafungua tena.

Miaka ya tisini ilinikuta Kibondo mjini, kwenye baraza ya duka la mzee mmoja wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Mke wake alitengeneza visheti ambavyo sijaviona tena popote. Ndiyo miaka watu walipoanza kuvuka kutoka Burundi, na magodoro vichwani na mbuzi na wagonjwa, kambi zikafunguliwa, na nyuma ya kambi yakaja mashirika na magari meupe yenye antena ndefu, na nyuma ya magari zikaja kompyuta. Nyingi zilikuja zimeshazeeka. Ulaya walikuwa wamezichoka, plastiki imegeuka njano kama meno ya mvuta kiko. Hapa zilikutana na vumbi letu jekundu na umeme wa jenereta unaopanda na kushuka, zikafa haraka, zikatupwa.

Basi mimi nikaanza kuziokota. Moja niliitoa kwenye shimo la takataka nyuma ya ofisi. Nyingine niliikuta kijijini Murungu kwa mama mmoja, kuku anaatamia ndani yake, akakataa kunipa mpaka vifaranga vitotolewe, nami nikangoja. Ya tatu vitufe vyake vya herufi watoto walikuwa wamevitunga uzi wakavivaa shingoni, nikawa nabadilishana nao kwa peremende, kitufe kwa peremende, mpaka nikakosa kimoja tu, herufi ya Q, ambayo niliambiwa haina kazi katika Kiswahili. Zilifika sita. Mizoga sita chini ya kitanda changu, na mke wangu akasema nimeleta makaburi ndani.

Redio nilizijua. Hizi sikuzijua. Aliyezijua ni mugenzi wangu, nami nitamwita hivyo, maana kwa Kiha mugenzi ni mwenzako na yeye ndivyo alivyoniita. Alikuwa Mrundi. Kwao alifanya kazi ofisini, kuandika kwenye mashine za namna ile ile. Alifika kwenye baraza yangu na redio isiyo na mgongo, akaona ubao wa kompyuta nimeuegemeza ukutani, akausahau mgongo wa redio. Wiki ile ile akahamia kwangu. Kwa majirani nilisema ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, wa Murungu. Alikuwa hana ruhusa ya kukaa nje ya kambi.

Mwanzoni hilo halikuwa jambo kubwa. Waha na Warundi tumeoana tangu enzi za mababu, nani angemuuliza mtu? Kisha vita vya kwao vikasogea mpakani, yakaanza maneno kwamba wamo wapiganaji wanaojificha vijijini, ikatoka amri: kila Mrundi kambini. Malori yakawa yanapita vijijini asubuhi kukusanya watu. Wengine walipelekwa kambini. Wengine ilisemekana walifikishwa mpakani wakaambiwa vukeni, na ng'ambo ya pili kilichomtokea kila mmoja anajua aliyevuka. Mugenzi wangu alikuwa na sababu zake za kuogopa ng'ambo ile. Alinieleza mara moja tu, tukila, akaacha kula. Sikumwuliza tena, na hapa siandiki.

Tangu hapo tuliishi kwa masikio. Gari likibadilisha gia kwenye mlima ule wa kuingilia mjini, mkono wake wenye chuma cha solda ulisimama hewani. Wangu pia. Wateja walinisemesha nisiwasikie. Mke wangu akaacha kuimba akitwanga, akidai akiimba hatasikia lori.

Ndipo mwenye ofisi moja ya kuchapa barua huko Kasulu, mfanyabiashara mwenye tumbo na maneno mengi, alipopita dukani kwa mzee wetu. Alikuwa na taipureta mbili na alizionea wivu ofisi za mashirika. Nikamwambia tunazo kompyuta. Akacheka, akaacha kucheka.

"Nileteeni moja inayowaka," alisema, "na mtu wa kuiendesha. Huyo mtu awe wa mbinguni au wa Bujumbura, kibali nitamwombea mimi. Mkubwa wa vibali pale Kasulu ni jamaa yangu, tunakula sahani moja."

Mugenzi wangu alikuwa nyuma ya pazia la duka. Alisikia lote.

Kazi yetu ikawa hiyo: katika mizoga sita kumtoa mmoja mzima. Kisanduku cha umeme tulikitoa kwenye ile ya shimoni. Ubao mkubwa ulitoka kwenye ile ya kuku, baada ya kuusugua kwa mswaki na spiriti, maana kinyesi cha kuku hula shaba kama mchwa. Skrini tulijaribu tatu. Umeme tuliazima kwenye banda la video, mchana kabla ya maonyesho, na mwenye banda alisimama mlangoni akituambia, "Mkiniunguzia jenereta mtacheza sinema nyinyi wenyewe."

Jambo moja msomaji alijue kuhusu skrini za zamani. Nyuma ya kioo kuna waya mnene mwekundu unaoishia kwenye kikombe cha mpira, kama chuchu. Chini ya kikombe umeme unakaa. Ukizima mashine, ukachomoa waya, ukaenda kula, ukirudi bado umekaa, unakungoja. Mimi ulinikamata kwenye skrini ya pili. Nilirushwa nikagonga ukuta wa matope, udongo ukaniangukia kichwani, nikapiga kelele ambazo mzee wa duka alizisikia akiwa katikati ya swala. Mugenzi alicheka mpaka akakaa chini. "Muzee," akasema, "umelia Kiha kabisa. Hakuna mtu anayelia kwa Kiswahili."

Siku mashine ilipowaka, herufi za kijani zikapanda moja moja kwenye kioo cheusi, na kijistari kikabaki kinapepesa. Sisi hatukushangilia. Mugenzi wangu alifuta mikono kwenye suruali na kusema, "Twende leo." Lori la mihogo lilikuwa linatoka saa ile kwenda Kasulu. Tukafunga kila kitu kwenye mablanketi, haraka haraka, bado vina joto.

Tulipopita nusu ya njia tukakuta gogo barabarani. Sungusungu, walinzi wa kijiji, na pinde na marungu, mmoja na bunduki kuukuu. Kamanda wao alikuwa na koti refu la mvua, na mvua haikuwepo. Kando ya gogo mama mmoja mtu mzima alikuwa anauza pombe ya ndizi kwa kibuyu. Tukashushwa.

"Huyu nani?"

"Shemeji yangu, mzee. Wa Murungu."

"Hana mdomo?"

"Ninao, mzee wangu," mugenzi akasema kwa Kiha. Maneno hayo na salamu alikuwa ameyarudia kwangu mpaka yakalainika. Kiha na Kirundi ni mtu na mdogo wake, mgeni hatofautishi. Sisi tunatofautisha.

Wakafunua blanketi. Nikaona vidole vya yule wa bunduki vikihama.

"Redio ya upepo," mmoja akasema. "Ya kuongea na waasi."

"Ni kompyuta," nikasema, sauti yangu nyembamba kama ya mbuzi. "Ya kuandikia."

"Inaandika kwa mkono upi?" kamanda akauliza. Wakacheka, lakini kile kicheko kinachongoja ruhusa. "Iwashe iandike jina langu."

"Haiwaki bila jenereta, kamanda."

"Kwa hiyo haiongei, haiandiki, haiwaki. Mmebeba jiwe?"

Hapo ndipo mama wa pombe aliposema, bila hata kuinuka. "Mnajisumbua, wanangu. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Hajaonja, hainywewi. Mwambieni afungue aonje."

Asiyekuwa wa huku aelewe: mtu akikuletea pombe, hunywi kabla yake. Anainamisha kichwa, anapiga funda mbele yako, unamwona akimeza, ndipo unapokea. Sumu imezika wengi. Ukikataa kuonja umeshakiri. Kwa kamanda na wenzake neno la yule mama lilikuwa sheria iliyokamilika, wakaafikiana pale pale. Kama ni bomu, mwenyewe ataligusa kwanza.

Mugenzi akatoa bisibisi mfukoni. Akafungua mgongo wa skrini. Mimi nilitazama ule waya mwekundu, nikahesabu saa tangu tulipozima, nikajua. Kuna njia salama: unafunga waya kwenye bisibisi, unaugusisha kwenye chuma, unaingiza chini ya kikombe, umeme unatoka. Lakini unatoka na mlio kama kiberiti kikubwa na cheche ya buluu. Cheche mbele ya bunduki ile? Tulitazamana. Naye alikuwa amejua.

Kamanda alichuchumaa. Akapita kwenye viwaya vyembamba vyote, na fimbo yake ikasimama kwenye kile kikombe cha mpira, sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndicho kinachofanana na kitu kilichofichwa.

"Hapo. Weka kidole chini yake."

Nilitaka kusema niguse mimi. Nilifikiria kile nilicholia mimi siku ile, na kile atakacholia yeye, na kwa lugha ipi, na wote wale wamesimama wakisikiliza.

Akainua ukingo wa kikombe kwa kidole cha shahada, akakiingiza.

Kulikuwa na mlio mdogo tu, tak, kama ukucha juu ya meza. Mkono wake uliruka, na hapo hapo akaufikisha kichwani, akajikuna, taratibu, kama mtu mwenye chawa. Uso ulikuwa wa kijivu. Hakutoa sauti. Akausogeza ule ule mkono, akaingiza kidole mara ya pili, akakiacha humo, maana sasa umeme ulikuwa umekwisha.

Kamanda akamtazama muda. "Tamu?"

Mugenzi akaitikia kwa kichwa. Hakufungua mdomo. Mama wa pombe akasema, "Ameonja, mpisheni," na gogo likaondolewa.

Juu ya mihogo, gari lilipokwisha kupinda kona, alitema damu. Alikuwa ameung'ata ulimi. Nikampa maji. Mpaka tulipoyaona mabati ya Kasulu alikuwa ameshika skrini kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

Mwenye ofisi alitupokea kwa maneno yake mengi. Tukaunganisha, jenereta ikavuta, herufi za kijani zikapanda. Akapiga makofi, akaagiza soda, kisha akatoka mbio na kurudi na jamaa yake, yule mkubwa. Nilijiandaa kumwogopa, na sikuweza. Alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi, alitupa mkono sote wawili. Alivuta kiti akaketi karibu na mugenzi wangu, akamwuliza kitufe hiki kinafanya nini na kile, akaandika jina la binti yake, akalifuta, akacheka.

"Kibali si tatizo," akasema. "Mtu mwenye kazi yake, nani atamkataa? Ila lazima nianzie mwanzo, ndugu yangu. Hukuandikishwa. Kesho asubuhi lori linatoka hapa nyuma, utapanda na wenzako, utaandikishwa huko, halafu nitakuitisha utoke."

"Huko wapi, mzee?" mugenzi aliuliza. Ulimi ulikuwa umevimba, maneno yakatoka mazito.

"Watakakowapeleka. Kambini. Mimi sipangi njia, napanga majina." Akampiga begani kwa wema. Naamini mpaka leo ulikuwa wema. "Usiogope."

"Nashukuru sana," mugenzi akasema.

Mwenye ofisi alikuwa akinieleza mahali atakapoiweka meza, karibu na dirisha, ili watu wa barabarani waione. Mugenzi aliinuka. Akatazama kidole chake, kilikuwa na alama nyeupe ndogo kama punje ya mtama. Akaniambia kwa Kiha, polepole, kwamba anakwenda kunawa mikono. Nikamwonyesha bomba uani. Hakwenda uani. Alitoka kwa mlango wa mbele, akashuka ngazi, akapita mbele ya vitenge vilivyoning'inizwa, kwa mwendo wa mtu aliyetumwa chumvi, akashika barabara ya kutoka mjini kuelekea Kabanga, na hakugeuka, na hakurudi.