Viwavi wa Mama Neema

Siwezi kuponda kiwavi. Ule ute wake wa kijani hunitapisha. Kwa hivyo kila asubuhi, hapa mtaani Umoja, niliwaokota kwenye sukuma wiki yangu, nikawatia kwenye bakuli na kuwarusha ng'ambo ya ukuta, kwa jirani yangu Mama Neema. Dhamiri haikunisumbua hata kidogo. Sukuma yangu ilinenepa.

Alhamisi bakuli lenyewe liliniponyoka, likaenda nao. Nikajiambia ni plastiki tu.

Jioni hiyo maombi ya jumuiya yalikuwa kwa Mama Neema. Akatueleza, machozi yakimlengalenga, kwamba kuna mtu anamrushia viwavi. Kiongozi wa jumuiya ni mimi, kwa hivyo nikaomba. Niliomba kwa sauti, nikipiga makofi, kwamba Bwana amwanike adui huyo hadharani kabla hatujatoka nyumba hii.

"Amina!" wakaitikia.

"Asante, Mama Brenda," akasema Mama Neema, akaweka bakuli mezani, akalipindua.

Sisi huandika majina chini ya vyombo kwa rangi ya kucha, visitupotelee matangani. Langu nililiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, hata asiye na miwani asome.